Nikiacha kumfichia mume wangu, si nitakuwa nimemtupa?

"Shangazi, mume wangu anakunywa kila siku, mwaka wa 6 huu. Asubuhi akishindwa kuamka, mimi ndiye ninayempigia bosi wake na kusema ana homa. Madeni yake ya baa nalipa mimi. Usiku silali mpaka nisikie mlango. Binti yetu wa miaka 11 ndiye anayemlaza mdogo wake. Nikiacha haya yote, si nitakuwa nimemtupa? – Mama Wawili"

Mwanangu, hujamtupa wala hutamtupa. Ila usiache yote kwa siku moja.

Kila unalomfanyia, jiulize: hili linamfaa yeye au linaifaa pombe? Kumsindikiza kliniki, kukaa naye vizuri siku ambayo hajanywa, hayo yanamfaa. Kumdanganya bosi na kulipa baa kunamfutia machungu ya kesho yake, na yasipomfika, ataona hana sababu ya kubadilika.

Anza na madeni ya baa, si simu ya bosi, maana kazi yake ikipotea mapema watoto wataumia. Kwanza tenga pesa zako pale asipoweza kuzigusa. Kisha mwambie akiwa hajanywa, kwa maneno machache: "Kuanzia leo silipi deni la pombe." Usihubiri, usimkumbushe ya miaka yote 6. Ukishalizoea hilo, ndipo uje kwenye simu ya bosi.

Jiandae, kwa sababu wiki za mwanzo huwa mbaya kuliko zamani: atabembeleza, atanuna, ataapa. Ukikataa mara 9 ukakubali ya 10, umemfundisha kwamba akisumbua sana atapewa, na safari ijayo atasumbua zaidi. Kwa hiyo usitangaze neno usiloweza kulisimamia.

Kama huwa anakupiga, usimtangazie chochote. Tafuta kwanza mahali salama pa kwenda na watoto, na mtu mmoja unayemwamini ajue.

Tena nakusihi: usimwage pombe yake yote wala kumfungia ndani ili aache. Anayekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho jingi baada ya kuacha, mpeleke hospitali. Kuacha kwake kusimamiwe na daktari.

Huyo binti ndiye anayeniumiza zaidi katika barua yako. Wiki hii hii mwondolee kazi ya kumlaza mdogo wake, umlaze wewe. Umwambie wazi: "Baba anaumwa ugonjwa wa pombe. Si wewe uliyeusababisha, huwezi kuuponya, na si kazi yako kumchunga." Watoto wa nyumba hizi hujilaumu kimyakimya.

Nawe panga saa ya kulala, taa izimwe awe amerudi au hajarudi; kukesha kwako hakumrudishi mapema. Tafuta kikundi cha Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu wa walevi. Hakuna ada, na unaweza kwenda hata kama mumeo hajakubali tiba.

Namba ya kliniki ya uraibu iwe tayari kwenye simu yako. Siku atakayosema "nimechoka na hii hali," wapigieni palepale mkiwa wawili, kwa kuwa jioni anaweza kuwa ameshaghairi.