Programu huria, programu huru au programu ya bure?

Swali: Tunaandaa mwongozo wa kompyuta ofisini kwetu. Mwenzangu ameandika "programu za bure", mimi "programu huria", na mkuu wetu anapendelea "programu huru". Je, yote ni mamoja?

Jibu: Si mamoja, na hilo "bure" ndilo litakalowaponza. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya ruhusa. WhatsApp unaipakua bure, lakini huna ruhusa ya kuibadili na kuisambaza upya, kwa hiyo si huria. Kivinjari cha Firefox na programu ya ofisi ya LibreOffice ni huria na pia hazilipiwi, ndipo wengi wanapochanganya. Kwa upande wa pili, kampuni ya Red Hat huuza usajili wa mfumo uliojengwa kwa programu huria, na hakuna mgongano wowote hapo.

Kiingereza hutumia neno moja, "free", kwa maana zote mbili. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, imembidi aeleze tena na tena kwamba anasema uhuru, hasemi bei. Kiswahili kimetuondolea adha hiyo. Kwa nini tujirudishie?

Ruhusa zenyewe ni nne: kuiendesha programu kwa shughuli yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa nakala ulizozibadili. Ya pili na ya nne ndizo zilizowezesha Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Programu ya bure tu isingewapa wafasiri nafasi hiyo.

Huru na huria yametoka shina moja la Kiarabu, ila matumizi yameachana. Huru humfaa anayejitegemea: nchi huru, mgombea huru. Huria hufaa jambo lililofunguliwa watu waliingie bila vizuizi vingi: soko huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Programu haijitawali, wanaofunguliwa mlango ni watumiaji. Kwa hiyo nashikilia "huria". Mkuu wenu hajakosea sarufi, maana hata Wikipedia ya Kiswahili hujiita kamusi elezo huru, lakini mwongozo mmoja ubaki na neno moja.

Angalieni pia matumizi ya "ya" na "za". Huria haihitaji "ya": programu huria, leseni huria, si "programu ya huria". Bure huihitaji inapoeleza nomino: programu ya bure. Ukisema "programu bure", msikilizaji atasikia programu isiyofaa kitu, kama tusemavyo "mtu bure kabisa". Baada ya kitenzi husimama peke yake: inatolewa bure. Kwenye hati rasmi, "bila malipo" ni salama zaidi.

Sasa tazameni sentensi hii: "Idara zitumie programu za bure." Mhasibu akiisoma hatatenga hata shilingi, kisha usimikaji na mafunzo vitakwama. Andikeni hivi: "Idara zitumie programu huria. Gharama za usimikaji, mafunzo na matengenezo zitengewe fungu."