Visamaki vya mto vinahema juu ya maji

SWALI: Nilivua visamaki vitano mtoni nikavitia kwenye tangi la kioo la lita 40. Maji ni maangavu, lakini siku ya nne viwili vimekufa na vilivyobaki vinahema juu juu. Nimekosea wapi?

JIBU: Maji maangavu yamenidanganya hata mimi. Kinachowaua ni amonia, sumu isiyo na rangi. Hutokana na kinyesi na chakula kilichooza, na tangi jipya bado halina bakteria wa kuila. Hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga, wengi wao kwenye sponji ya chujio. Ndiyo maana sponji usiisuuze kwa maji ya bomba, klorini itawaua. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Leo badilisha nusu ya maji, mapya yawe hayana klorini na joto lake lilingane na la zamani. Usiwalishe mpaka kesho kutwa. Washa pampu ya hewa: samaki wa maji yaendayo kasi wamezoea oksijeni nyingi. Na tangi lifunike! Wangu mmoja nilimkuta asubuhi nyuma ya kabati, amekauka kau.

Waliobaki usiwarudishe mtoni, wanaweza kupeleka magonjwa. Kabla ya kuvua wengine, uliza kama sheria inaruhusu.