Kuizunguka Namibia kwa gari la kukodi, wawili, mara ya kwanza: maswali yenu

Tangu niseme kwamba mimi na mume wangu tuliizunguka Namibia tukiendesha wenyewe, bila dereva wala mtu wa kutuongoza, maswali hayajakatika. Nimechukua matano yanayojirudia.

*Shikamoo dada. Mimi na mke wangu wa Mbeya, hatujawahi kuendesha nje ya Tanzania. Tuna siku 11 mwezi wa saba, tunataka Sossusvlei, Swakopmund, Etosha, Fish River Canyon alafu tumalizie Victoria Falls. Inawezekana?*

Marahaba mdogo wangu. Hapana, na nakuomba usijaribu. Namibia ina kilomita za mraba 825,000 hivi na watu milioni 3 tu, yani unaweza kwenda saa nzima hujapishana na gari, na kutoka Windhoek mpaka Katima Mulilo, kule kwenye njia ya Victoria Falls, ni kama kilomita 1,200 kwenda tu. Fish River nayo iko kusini kabisa. Toa hizo mbili. Lala Windhoek usiku 1 mpumzike, maana hata uwanja wa ndege wenyewe uko kilomita 45 nje ya mji, kisha Sesriem 2 kwa ajili ya matuta ya mchanga ya Sossusvlei, Swakopmund, mji wa pwani, 2, Spitzkoppe, kwenye milima ya mawe, 1, Etosha, hifadhi ya wanyama, 3, na wa mwisho njiani mkirudi. Ukiangalia ramani utaona kilomita 300 useme ah, hizo ni za asubuhi tu, lakini 300 za changarawe zinakula siku, na mwezi wa saba jua linazama kwenye saa 12 na dakika 20 hivi jioni. Usiku msiendeshe hata kidogo. Kudu, yaani tandala, anaruka barabarani ghafla na ni mnyama mkubwa, tena mikataba mingi ya magari inasema ukigonga usiku bima haikuhusu.

*Lazima fowili? Gari dogo ni nusu ya bei.*

Kwa njia niliyoitaja hapo juu gari dogo linafika karibu kote, ila nyie ni mara ya kwanza, chukueni fowili kama mfuko unaruhusu. Barabara za kule zinatajwa kwa herufi: za B ni lami, mkeka kabisa, lakini za C na D nyingi ni changarawe yenye vijituta vidogo vidogo vinavyofuatana, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Sheria inaruhusu 100 kwenye changarawe, mimi nasema 80, na kwenye kona chini ya hapo. Ajali nyingi za wageni kule si za kugongana, ni mtu yuko peke yake barabarani, gari linaserereka, anakata usukani, linapinduka. Mnyama akikatiza shika breki taratibu na usukani unyooke, ni bora kumgonga swala kuliko kupinduka.

Upepo wa tairi punguzeni mkiingia changarawe, sisi tulikuwa tunaweka kama 26, mkirudi lami mnajaza, kwa hiyo hakikisheni gari lina pampu. Spea ziwe mbili. Sisi tulipata pancha kabla ya Solitaire, tukafungua nyuma tukakuta jeki waliyotupa haifiki hata kunyanyua gari, tukakaa pale na lile joto karibu saa 2 mpaka wakapita wakulima na jeki yao. Siku mnayokabidhiwa gari, kabla hamjasaini, fungueni tairi moja pale pale mbele yao mlirudishe. Watawaangalia vibaya, waacheni wawaangalie.

Kule Sossusvlei, kutoka geti la Sesriem lami ni kilomita 60, zile 5 za mwisho ni mchanga mtupu. Mwenye gari dogo anapaki anapanda gari la kulipia. Hata mwenye fowili, kama hujawahi mchanga, panda hilo hilo, watu wananasa pale kila siku. Na laleni ndani ya geti, maana walio ndani wanaruhusiwa kutoka kama saa moja kabla ya jua kuchomoza, mnafika Deadvlei, ile miti iliyokauka karne nyingi bado imesimama kwenye udongo mweupe, na bado hakuna mtu. Tulikaa pale hatuongei.

*Bima inatuchanganya. Na kadi yangu ya benki ya kawaida watakubali?*

Wengi wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, kwa ajili ya dhamana, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi kabla hamjakata tiketi. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi tairi, kioo cha mbele, chini ya gari, wala kupinduka peke yako, na hivyo ndo vitu vinavyoharibika kule. Lipieni ile kubwa. Punguzeni usiku mmoja wa hoteli kama ni lazima.

*Mume wangu anasema ataendesha yeye tu, mimi nisome ramani. Naogopa tutarudi hatuongei.*

Mwambie, mpenzi wangu, kwa upole lakini mwambie mapema, kabla ya kukodi, kwa sababu jina lako lazima liandikwe kwenye mkataba. Akiumwa tumbo katikati ya jangwa utafanyaje? Sisi tulibadilishana kila saa 2, aliyeshika usukani ndo anaamua mwendo na mwenzake hasemi kitu isipokuwa ameona hatari, na ugomvi wetu mmoja mkubwa ulikuja siku tuliyovunja hilo, tumechoka, tuna njaa, mafuta yako robo. Jazeni mafuta kila kituo hata kama tenki liko nusu, muwe na keshi, na chakula kiwe kiti cha mbele sio kwenye buti. Pakueni na ramani za simu mapema, mtandao unapotea.

*Lugha je? Na nyama tunaweza kubeba tuchome njiani?*

Kiingereza kinatosha, Kiafrikana kiko kila mahali. Ila Otjiwarongo mzee mmoja kituo cha mafuta alitusikia tunaongea akatujibu kwa Kiswahili, alikaa Kongwa, Dodoma, kwenye kambi ya SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, enzi za kupigania uhuru walioupata 1990. Alitushika mikono wote wawili. Mume wangu alilia.

Nyama chomeni, majiko yapo kambi zote, ila mkitoka Etosha kurudi kusini kuna ukaguzi wa kuzuia magonjwa ya mifugo na nyama mbichi mtaiacha getini. Ile ya mwisho ichomeni Okaukuejo, kambi ya ndani ya Etosha, mle, kisha mkakae kwenye kisima chenye taa usiku, na majaketi, maana baridi ni kali. Faru weusi wanakuja kunywa pale.