Mwanangu, kuhusu huyo mvuvi wa kwenye kiplefti

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, nikamsomea na baba yako. Akasema, "Mjibu wewe, mimi sina maneno," akarudi kwenye gogo lake. Kifua chake si kibaya, ila vumbi la mpingo halimwachi, na kitambaa cha kufunga puani hataki kabisa. Unamjua.

Unasema halmashauri wanataka mvuvi wa saruji wa mita tatu pale kwenye kiplefti, na parokia wanataka Njia ya Msalaba, vituo vyote 14 vya mbao, na huwezi kuzibeba kazi mbili kwa pamoja. Unauliza ipi itakupatia jina. Mambo ya jina mimi siyajui. Mimi najua matambara. Kila kitu kilichotoka kwenye kibanda chetu kimepita mikononi mwangu, msasa kwanza, kisha rangi ya viatu, kwa hiyo kazi yoyote ikitajwa ninauliza lile swali ambalo nyinyi mmeshalichoka: nani ataifuta vumbi? Sanamu isiyo na mtu wa kuifuta vumbi imekufa hata kabla haijazinduliwa.

Ya saruji baba yako alishaifanya, mji sitautaja maana tuna ndugu wanaofanya kazi pale. Yule mama mwenye ungo wa korosho, unamkumbuka. Mchanga ulisombwa ufukweni, haukuoshwa, kwa kuwa mwenye tenda alikuwa na haraka. Chumvi ikafika kwenye nondo, nondo zikashika kutu, kutu ikavimba, tumbo la yule mama likapasuka kutokea ndani. Ulipokaribia Mwenge wa Uhuru walikuja kumpaka rangi ya dhahabu juu ya nyufa, Mwenge ukapita, na mara ya mwisho nilipomwona amebandikwa mgongoni tangazo la mganga wa nguvu za kiume. Wewe mchanga wako uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, na nondo zizame ndani ya zege zaidi ya vidole viwili. Hilo ni la ufundi, na ufundi unao.

Utaniambia mbona Sanamu ya Askari ipo pale Dar mpaka leo. Ipo, ni shaba nyeusi, ilitengenezwa Uingereza na James Alexander Stevenson, ikazinduliwa 1927. Lakini Dar hiyo hiyo alisimamishwa kwanza Mjerumani Wissmann, aliyekuwa gavana, mwaka 1909, Waingereza walipoingia wakamwondoa. Shaba haikumsaidia. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, sanamu yake ilipozinduliwa Addis Ababa Februari 2024, watu walibishana mitandaoni kama kweli ni yeye. Sasa mvuvi wako atapitiwa na wavuvi wa Msangamkuu kila asubuhi. Ukimshikisha nyavu vibaya, utacheka mwenyewe watakavyokusema.

Basi utasema mama anataka nichukue ya kanisa. Ngoja.

Mama Maria wa baba yako unamjua umeshakuwa mkubwa, akiwa tayari amekaa pale kwenye altare ndogo ya kushoto. Siku anachongwa wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Yule mtoto aliyelala shingo upande ni wewe, na baba yako alinikataza kukushusha mpaka amalize lile shavu. Gogo lilitoka Nachingwea, limekaa kivulini muda mrefu lisije likapasuka. Unajua mpingo una nyama nyeupe nje na moyo mweusi ndani, na wachongaji wengi huitupa ile nyeupe. Yeye akaiacha ipite mgongoni kama utepe, ikawa mbeleko. Sijaona mtu mwingine aliyefanya hivyo, na nimeona vinyago vingi.

Usoni akamwekea nembo za bibi yako, zile chale zetu za usoni. Si nembo za kubuni, ni zile zile za mashavuni mwa mama yake, mstari kwa mstari, alimkalisha mlangoni akazinakili. Mimi sikushangaa. Sisi Wamakonde tunasimuliana kwamba mtu wa kwanza alichonga mwanamke kwa mti, akamwacha nje usiku, asubuhi akamkuta hai, na huyo ndiye mama yetu sote. Mama wa mti kwetu si kitu kigeni. Maria angechongwaje tofauti?

Padri wa wakati ule alikuja kuiona. Alikuwa mtu mwema, kijana wa huku huku, si Mzungu. Akaizunguka, akasifu mbeleko, akasema nembo zitoke, waamini wasije wakadhani wameletewa kinyago cha jandoni. Baba yako hakujibu. Kesho yake akaenda Newala kwenye msiba ambao mpaka leo sijui ni wa nani, akaniachia sanamu, deni la gogo na ada ya kaka yako.

Nembo nikazipiga msasa mimi. Kwanza ule wa kukwaruza, halafu mwembamba, nimekaa mkekani na uso wa mama mkwe wangu mapajani. Na bado nasema nilifanya sawa, maana kaka yako alisoma. Lakini usiniambie kwamba kanisa huwa linatunza. Tena lile kanisa lenyewe lilikuwa limeshasema vingine: kwenye hati ya Liturujia ya 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliandika kwamba Kanisa halijaufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya kila taifa ipewe nafasi. Hiyo nilikuja kuijua miaka mingi baadaye, katekista aliponisomea. Nilimwambia aisome tena.

Siku ya kubariki, bibi yako alikuja na kanga yake mpya. Misa ilipoisha akaenda moja kwa moja mbele, akaweka vidole kwenye shavu la Maria, akawa anatafuta. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mara akacheka, kwa ile sauti yake ya kisimani, akasema mbele ya padri na wazee wote wa kanisa: "Bado zipo!" Na zilikuwepo. Msasa haukufika chini. Jichoni hazionekani, kidole kinazipata. Tangu hapo akina mama wakimfuta kila Jumamosi hupitisha kidole pale shavuni, na wapo wanaofanya hivyo bila kujua kwa nini.

Sasa unaona ninavyojichanganya. Barabarani hakuna anayekufutia nembo, wanakuacha tu upasuke. Kanisani wana tambara, na wana mdomo pia. Baba yako angesema afadhali kupasuka. Mimi ningesema... hapana, nimejiapiza sitasema. Wewe ndiye utakayeamka alfajiri kushika tezo, si mimi. Tena halmashauri wanalipa mara tatu ya parokia, hilo nalo mtu haliachi hivi hivi, na huyo mvuvi ataonekana na watoto wasioingia kanisa lolote, wa msikitini na wa kwingine. Nililala nikiliwaza hilo la watoto.

Ukichukua ya halmashauri, kwenye mkataba kiandikwe kifungu cha kuisafisha na kuiziba nyufa kila mwaka, na fedha yake itajwe. Wakikwambia wataunda kamati, usisaini.

Ukichukua ya parokia, mbao tafuta yenye kibali cha maliasili, usinunue gogo la usiku. Kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso, niletee nikipige msasa mwenyewe, macho yangu bado yanaona. Sura ya Veronika mpe unayotaka. Na akija mtu kukuambia upunguze kitu usoni mwake, mwambie akaongee na mama yako.

Mama