Amplifaya ya betri kwa mpiga gitaa wa safari: uliza betri kabla ya kuuliza sauti

Jioni moja ya Januari nilikuwa ndani ya jahazi mbele ya Shela, kisiwani Amu (Lamu), gitaa mapajani, na wageni kumi na wawili waliolipia machweo na muziki. Kaskazi ilikuwa ikivuma taratibu. Wimbo wa tatu haukuisha. Amplifaya ilianza kukwaruza, taa yake nyekundu ikafifia, kisha kimya. Ikawa nasikia tanga na maji yanayopiga ubavuni, basi.

Nahodha akageuka. "Yakhe, mbona umenyamaza?"

"Betri, nahodha."

"Si umenunua mpya leo mchana?"

Ndizo hizo hizo. Zilikuwa hazijamaliza hata saa moja tangu nizitoe kwenye karatasi yake. Nilimalizia safari nikiimba kwa koo tupu, na wageni kwa wema wao walisogea karibu. Lakini aliyenipa kazi alinilipa nusu, na alikuwa na haki yake. Alikuwa ameagiza muziki wa kusikika kutoka omo hadi tezi.

Tangu siku ile, kijana akinijia hapa Malindi kuniuliza anunue amplifaya gani ya kutembea nayo, akaanza na "ya wati ngapi?", namwambia aliache swali hilo kwanza. Aniambie atapiga wapi, na betri zikimwishia huko saa mbili ya usiku atapata wapi nyingine.

Chukua betri moja ya AA, ile ya rimoti, uigeuze mkononi usome maandishi madogo. Ikiandikwa R6, hiyo ni betri ya zinki na kaboni, ile ya bei ya chini inayojaa madukani. Kwenye saa ya ukutani au rimoti inafanya kazi vizuri, maana vitu hivyo hula umeme kidogo kidogo. Amplifaya inavuta umeme mwingi kwa mara moja, hasa ukipiga besi kwa nguvu, na betri hiyo haiwezi kuutoa. Ikiandikwa LR6 ni alkalaini, hiyo itakufikisha. Ikiandikwa HR6 ni ya kuchaji. Mimi nilinunua R6 sita pale Shela bila kutazama, nikadhani betri ni betri. Herufi moja tu, L, ndiyo iliyoninyima nusu ya ujira wangu.

Siku hizi natumia HR6 za kuchaji, za mAh 2000 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), na LR6 sita za akiba ambazo sizifungui mpaka shida inifike. Kuna watu wanaogopa betri za kuchaji kwa sababu kila moja ni volti 1.2 na alkalaini ni 1.5, kwa hiyo sita zinatoa volti 7.2 badala ya 9. Hesabu ni sahihi, lakini alkalaini huanza juu ikashuka kila dakika, na ile ya kuchaji hukaa pale pale karibu mpaka mwisho. Ninachokuomba uangalie ni kijitabu cha amplifaya: kiseme wazi kwamba inakubali betri za kuchaji. Na usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili. Mimi nimeziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, kundi la kwanza na kundi la pili, na haziachani.

Jambo moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia: chaja nyingi zina nafasi nne, na amplifaya nyingi ndogo zinataka betri sita. Maana yake unachaji mara mbili, na usiku wa stima kukatika hiyo mara ya pili haifiki. Nunua chaja ya nafasi nane, au chaja mbili.

Sasa kuna amplifaya zenye betri ya lithiamu ndani. Ni nzuri, nyepesi kwa nguvu zake, na nyingine zinachajiwa kwa waya ule ule wa simu, hata kwa pawabenki. Kwa mtu anayelala kwenye nyumba yenye stima kila siku, Malindi mjini au Watamu, sina neno dhidi yake. Mashaka yangu ni mawili. Betri ikizeeka, je, unaweza kuitoa mwenyewe ukaweka nyingine? Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu zipo zilizofungwa moja kwa moja na fundi akizifungua hazirudi kama zilivyokuwa. Na pili, joto. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, na usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka juani. Lithiamu na jua la pwani hazipatani.

Zile spika kubwa za magurudumu zinazouzwa kila mji, zenye taa za rangi, nyingi zina betri ya risasi ya volti 12 ndani. Betri peke yake inaweza kuzidi kilo mbili. Ukiiacha imekwisha chaji wiki kadhaa, inakufa usiifufue tena. Na lile bandiko la wati elfu tano PMPO usilisome hata kidogo. Tafuta neno RMS, ndilo lenye kipimo cha kweli.

Tumefika kwenye wati, basi tuzungumze. Sikio halihesabu kama mfuko. Ukizidisha wati mara mbili, umeongeza desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida huitambua kwa shida. Ili aseme "sasa ni mara mbili", unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo kutoka wati 3 hadi 30 ni hatua kubwa, lakini kutoka 20 hadi 30 isikutoe pesa. Na nje, pasipo ukuta, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Ndiyo maana amplifaya ile ile inayojaza ua wa ndani wa nyumba ya mawe ya Amu (kiwanda, kama wenyewe wanavyouita) inapotelea ufukweni kama mtu anayenong'ona. Kuta zile nene za matumbawe zinakurudishia sauti. Ufuo haukurudishii kitu, na kusi ikivuma inachukua hata kile kidogo ulichotoa.

Kwa kiwanda, baraza, au chumba cha watu ishirini, wati 3 hadi 5 zinatosha. Roland Micro Cube GX ni wati 3, spika ya inchi 5, betri sita za AA, na ni ya kuaminika. Blackstar Fly 3 ni ndogo zaidi, haifiki hata kilo moja, inaingia kwenye begi la nguo. Kwa mazoezi chumbani ni tamu, kwa kazi ya kulipwa siipendekezi. Pignose nayo ni ya zamani, ilitoka mwaka 1973, sanduku la mbao linalofunguka kama mkoba, wati 5. Wapenzi wa gitaa la umeme wanaipenda kwa ule ukwaruzaji wake wa asili, na mimi nawaelewa, lakini mwimbaji haitamfaa.

Kwa jahazi, bustani ya hoteli au ufukwe, anzia wati 20 za kweli. Roland AC-33 hutoa wati 30 ikiwa kwenye umeme wa ukutani na 20 ikiwa kwenye betri, na hilo ni somo lenyewe: soma namba ya betri, usisome namba ya ukutani. Cube Street EX ni wati 50, betri nane za AA, na ina swichi ya kupunguza nguvu. Ukiiteremsha, betri hudumu mara kadhaa zaidi. Bose S1 Pro ni ya lithiamu, betri yake inatoka, sauti yake safi sana, lakini ina uzito wa kilo saba hivi, na pesa yake si ya mtu anayeanza.

Uzito huo usiudharau. Kwenda Amu kwa basi unashuka Mokowe, unapanda boti, unateremka gatini kwenye ngazi zenye utelezi maji yakiwa yamekupwa, gitaa mgongoni, begi mkono mmoja. Ule mkono mwingine ndio wa amplifaya, na ndio huo huo wa kushikia mkono wa baharia. Hakuna gari la kukuchukua hadi nyumbani. Kuna punda, na kuna mabega yako. Mimi mpaka wangu ni kilo tano.

Ukienda Amu kwa ndege, hadi uwanja wa Manda, betri za lithiamu za akiba na pawabenki zinakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mizigo ya chini. Mpaka wa kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, yaani mAh ukizidisha kwa volti 3.7 za betri ya lithiamu, kisha ukagawa kwa elfu. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, itakuletea maneno pale mlangoni.

Halafu aina ya gitaa. Amplifaya ya gitaa la umeme imetengenezwa kukata sauti nyembamba za juu, na kwa gitaa hilo ndio uzuri wake. Ukichomeka gitaa kavu, au ukaimba ndani yake, inatoka kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mwimbaji atafute iliyoandikwa ya gitaa la akustika, yenye tundu la maiki lenye kitufe chake cha sauti. Na ndugu zangu wapiga udi, kile kinasa cha kubandika kwenye ubao kinataka tundu la gitaa, lile lenye ukinzani mkubwa. Ukikichomeka kwenye tundu la kawaida la redio, besi zote zinapotea na udi wako unalia kama bati. Nimeona mpiga udi hodari akilaumiwa kwa kosa la waya.

Chumvi na betri zinazovuja nitazisema kwa ufupi ingawa ndizo zilizoniulia amplifaya ya kwanza. Nilipoipeleka kwa fundi hapa Malindi, alifungua kifuniko cha betri akanionyesha springi zimeota ukijani, na ungaunga mweupe kwenye kona. "Ami, hii haikuharibika kwa kupigwa," akaniambia, "imeharibika kwa kuwekwa." Nilikuwa nimeziacha betri ndani miezi miwili ya mvua. Aliusafisha ule unga kwa pamba iliyolowa siki, bila kuugusa kwa kidole, maana unaunguza. Springi mbili zilikatika mkononi mwake. Toa betri kila ukimaliza kazi. Ukitoka baharini, pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke kwenye begi.

Na ukiwa Amu, jua saa za sala kabla hujapanga nyimbo. Misikiti iko karibu karibu mno. Zima kabla ya adhana, usingoje mtu aje kukuambia.

Hii niliyonayo sasa sikuinunua dukani kwa kuisikiliza dakika tano. Nilimwomba muuzaji tutoke nje, akakubali kwa kuwa nilimwachia kitambulisho. Nilibeba gitaa langu mwenyewe na betri zangu mwenyewe, HR6 zilizojaa, tukaenda ufukweni karibu na gati la Malindi saa kumi jioni, upepo ukiwa mkali. Rafiki yangu akahesabu hatua thelathini, akasimama kunipa mgongo. Nilipiga saa nzima kwa sauti ile ninayopigia kazini, nikiimba na kunyamaza, nikisikiliza kama besi zinapasuka. Kila nilipobadilisha wimbo aliinua mkono kama alisikia maneno. Mara ya sita hakuinua, nikapunguza gitaa kidogo nikaacha sauti yangu ipite juu. Akainua. Tukarudi dukani nikalipa.