Aliyenigonga hana bima: maswali yenu na majibu

Barua zilizonifikia karibuni zina kilio kimoja: nimegongwa, na aliyenigonga hana bima. Nimechagua chache na kuzifupisha. Sheria za bima hazifanani kila nchi, hivyo nikitaja nchi fulani ichukue kama mfano, kisha ulizia utaratibu wa kwenu.

Nilikuwa kwenye foleni, akanigonga kwa nyuma. Anakiri kosa, anasema hana bima, na anataka tumalizane palepale kwa fedha taslimu. Bampa limekwaruzika tu. Nichukue?

Usichukue. Najua hali ilivyo: honi zinalia nyuma yenu, una haraka, na mwenzako ameshatoa noti mfukoni na anaomba radhi kwa adabu zote. Lakini hapo barabarani hakuna kati yenu anayejua hasara ni kiasi gani.

Bampa la gari la siku hizi ni ganda la plastiki. Likigongwa kwa mwendo mdogo hubonyea, kisha hurudi karibu kama lilivyokuwa. Nyuma yake kuna boriti ya chuma iliyowekwa ipokee kishindo, na boriti ikipinda hairudi. Magari mengi yana pia vihisi vya kurudi nyuma vilivyopachikwa humo humo, na mengine yana rada. Fundi hawezi kukwambia gharama ya kweli mpaka alivue bampa. Ukitaka dalili ya haraka, fungua buti ulifunge tena, kisha tazama mwanya uliopo kati ya mfuniko wake na bodi, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa mpana na mwingine umebana, na kabla ya ajali haukuwa hivyo, basi kuna chuma kilichosogea.

Mwili nao una siri zake. Shingo na mgongo vinaweza kutulia siku ya ajali vikaanza kuuma kesho yake. Nenda ukapimwe hata kama unajiona mzima, na cheti cha daktari ukitunze.

Halafu kuna ile karatasi ya “nimepokea, sidai tena”. Ukiisaini, hujamsamehe yeye peke yake. Mikataba mingi ya bima inakukataza kupatana na mtu bila kampuni yako kujua, kwa sababu kampuni ikishakulipa huchukua nafasi yako na kumdai aliyesababisha hasara. Ukishamwachilia, haina tena wa kumdai, na inaweza kukataa kukulipa.

Basi fanya hivi. Ikiwa kuna majeruhi, msaada wa matibabu kwanza, mengine baadaye. Kama hakuna, washa taa za tahadhari, na kabla magari hayajasogezwa piga picha kwa mbali inayoonyesha magari yote mawili na barabara. Kisha zipige za karibu: namba za magari, mahali palipogongwa, alama za breki, vioo vilivyomwagika, leseni yake. Akikupa namba ya simu, ipige hapo hapo uisikie ikiita mfukoni mwake. Shahidi naye mchukue namba, maana jina tupu halitakusaidia kumpata baada ya mwezi. Ita polisi, na usiondoke bila namba ya taarifa ya tukio.

Baada ya fundi kukagua, na kampuni yako ikiridhia, mnaweza kupatana. Andikeni kwamba malipo ni ya matengenezo ya gari tu, si ya majeraha, mtaje kiasi na tarehe, msaini wote mbele ya mashahidi.

Nimwamini anaposema hana bima?

Hapana, na swali hili ningependa liulizwe zaidi. Watu husema hawana bima kwa sababu nyingi: gari ni la bosi na hataki ajue, gari ni la shemeji, au anaogopa malipo yake ya mwaka yatapanda. Katika nchi nyingi bima hufuata gari kuliko dereva, kwa hiyo anayeendesha anaweza kuwa hana bima kwa jina lake huku gari lenyewe likiwa nayo. Tafuta mmiliki kupitia polisi au mamlaka ya usajili wa magari.

Kinyume chake kipo pia. Stika iko kwenye kioo, tarehe inasomeka vizuri, kumbe bima ilifutwa au stika ni ya kughushi. Piga picha stika na namba ya hati, kisha uhakikishe kwa kampuni iliyotajwa.

Huenda pia kampuni hiyo ikakwambia, “Dereva wetu alikuwa amelewa, hatulipi,” au kwamba hakuwa na leseni. Usikubali upesi. Sheria za nchi nyingi haziruhusu kampuni kumtupia majeruhi makosa ya mteja wake. Hulazimika kumlipa aliyeumia, kisha ikamgeukia mteja wake irudishiwe fedha. Omba jibu lao kwa maandishi, likitaja kifungu wanachokitegemea. Kukataa kwa simu ni rahisi mno.

Nina bima ndogo tu, ile ya kufidia watu wengine. Kuna chochote nitakachopata kwenye kampuni yangu?

Kwa matengenezo ya gari lako, kwa kawaida hakuna. Bima ndogo hulipa unaowaumiza wewe na mali zao. Hata hivyo, isome hati mpaka kurasa za viambatanisho, kwa sababu wako watu waliolipia nyongeza ya ajali binafsi au msaada wa kisheria na wamesahau. Marekani kuna kinga maalumu ya kugongwa na dereva asiye na bima, na majimbo kadhaa yameifanya ya lazima.

Mwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari lake mwenyewe, anadai kwenye kampuni yake bila kumngojea aliyemgonga. Atabeba mwenyewe kile kiasi cha kwanza cha hasara kilichotajwa kwenye mkataba, na punguzo la kutodai, yaani nafuu ya malipo anayopewa asiyedai, linaweza kuguswa. Aiandikie kampuni kwamba inapomdai yule dereva, ijumlishe na kiasi hicho.

Hata kama hudai kitu, toa taarifa. Mikataba huweka muda wa kuripoti ajali, na yule anayelia leo kwamba kosa ni lake anaweza kuja kesho na hadithi nyingine, akudai wewe.

Alinigonga akakimbia. Nilishika herufi tatu tu za namba ya gari. Nimevunjika mkono.

Pole sana. Kwanza polisi, leo hii ikiwa bado. Herufi hizo tatu pamoja na rangi na aina ya gari si kitu kidogo. Zungukia majengo yanayotazama barabara uombe picha za kamera mapema, maana kamera nyingi hufuta rekodi zake zenyewe baada ya siku chache. Vipande vya taa au kioo cha pembeni vilivyodondoka vikabidhi polisi. Mara nyingi huwa na namba ya kipuri inayoonyesha ni gari la aina gani.

Kisha uliza kama nchini kwenu kuna mfuko wa kufidia waathirika wa ajali. Wengi hawajui kabisa kwamba kitu hicho kipo. Uingereza ina chombo cha aina hiyo tangu 1946, kinachogharamiwa na kampuni zote za bima za magari, na kinawashughulikia waliogongwa na wasio na bima na waliogongwa na madereva wasiojulikana. Ufaransa ilianzisha wa kwake mwaka 1951. Nchi za Umoja wa Ulaya zote zinatakiwa kuwa na mfuko kama huo. Afrika Kusini wake unatokana na tozo kwenye mafuta, na unafidia majeraha na vifo, si magari. New Zealand tangu 1974 hulipia majeraha ya ajali bila hata kuuliza nani alikosea.

Mifuko hii ina masharti makali, na hasa masharti mawili ndiyo huwaangusha watu: kuchelewa kuripoti polisi na kupitisha muda wa kudai. Kama kilichoharibika ni gari peke yake na aliyegonga hajulikani, matumaini ni madogo. Lakini wewe umevunjika mkono. Tunza picha za eksirei, risiti za dawa, nauli za kwenda kliniki na barua ya mwajiri kuhusu siku ulizokosa kazi.

Nilikuwa abiria. Gari nililopanda lina bima, la pili halina. Nimdai nani?

Mdai dereva yeyote mwenye kosa, na kama wote walikosea, wadai wote. Abiria hana usukani, hivyo ni nadra kutupiwa lawama, ingawa kutofunga mkanda kunaweza kupunguza fidia. Katika nchi nyingi, dereva wako akikutwa na sehemu ya kosa, bima yake inaweza kukulipa fidia yako nzima kisha ikamkimbiza mwenzake. Kama dereva huyo ni rafiki, usione haya: inayodaiwa ni kampuni.

Nikimshtaki nitashinda, lakini hana kitu. Kuna maana?

Kushinda kesi ni jambo moja, kukazia hukumu, yaani kuipata hiyo fedha mkononi, ni jambo lingine. Kabla hujalipa ada ya mahakama, jua ana nini: mshahara, kiwanja, gari lenyewe. Mahakama inaweza kuamuru akatwe mshahara kidogo kidogo au mali yake ikamatwe na kuuzwa. Mtu asiye na kazi wala mali atakupa hukumu nzuri ya kuhifadhi kabatini.

Ila mtazame aliye nyuma yake. Alikuwa kazini? Mwajiri hubeba dhima ya ajali ambayo mfanyakazi wake ameisababisha akiwa kazini. Mwenye gari aliyempa funguo akijua hakuna bima naye katika nchi nyingi ana la kujibu. Ukiona njia imeziba kabisa, mapatano ya kulipwa kwa awamu yaliyosajiliwa mahakamani yanaweza kukufaa kuliko kesi ndefu. Na usingoje mpaka kesi ya polisi iishe: faini anayotozwa huenda serikalini, na muda wako wa kufungua madai kwa kawaida unaendelea kuhesabika.

Mimi ndiye nisiyekuwa na bima, ila nilisimama kwenye taa nyekundu na nikagongwa. Nina haki yoyote?

Unayo. Kuendesha bila bima ni kosa lako na utaadhibiwa kwalo, pengine faini, pengine gari kuzuiwa. Lakini kosa hilo halimgeuzi aliyekugonga kuwa hana hatia, na katika nchi nyingi unaweza kudai kwenye bima yake kama mtu mwingine yeyote. Ziko sehemu zinazobana: California, kwa sheria iliyopigiwa kura 1996, dereva asiye na bima hulipwa gharama zake halisi lakini kwa kawaida halipwi chochote kwa ajili ya maumivu na mateso. Uliza kwenu ikoje.

Usiukimbie mkono wa polisi kwa kuogopa faini. Anayeondoka eneo la ajali huongeza kosa la pili, na huyo aliyekugonga atabaki peke yake kusimulia nani alipita taa nyekundu.