Usiache ndugu, siyo suala la kuzaliwa na kipaji

Ndugu yangu, unauliza kama uache programing kwa sababu mwenzako darasani anamaliza zoezi nusu saa na wewe unakesha, eti yeye kazaliwa na kipaji. Hapana aisee, usiache. Muulize kwanza alianza lini kushika kompyuta, maana wengi tunaowaita vichwa walishakosea sana kabla hatujawaona. Linus Torvalds alitoa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 lakini alianza utotoni, kwenye kompyuta ya babu yake, Commodore VIC-20, kwa hiyo nyuma ya Linux kuna kama miaka kumi ya kuhangaika.

Mimi nishawahi kukesha na eror (kosa la programu) moja, kumbe kwenye lupu, yaani sehemu ya programu inayojirudia, nimeweka <= (ndogo kuliko au sawa na) badala ya < (ndogo kuliko), listi ina vitu 10 na kuhesabu kunaanzia 0, sasa programu inatafuta cha kumi na moja ambacho hakipo. Leo naliona hilo kosa fasta na ubongo ni ule ule.

Ukikwama soma ujumbe wa eror neno kwa neno, usiuruke. Halafu muombe huyo jamaa ukae pembeni yake siku moja umwangalie anavyotafuta kosa, utaona naye anagugo.